Kumwelekeza fundi wa Pemba ukiwa Unguja kwa miwani ya uhalisia ulioongezwa

Fundi yuko Wete mbele ya mashine ya barafu, mtaalamu yuko Mjini. Miwani aliyovaa fundi ina kamera: mtaalamu anaona anachokiona fundi, na mshale anaouweka fundi anauona juu ya mashine. Kwanza pimeni kasi ya kupandisha data. Ikiwa chini ya Mbps 2, shusheni ubora wa picha ya video hadi 720p. Sauti isikatike kabisa, maana ndiyo inayookoa kazi.

Umeme uzimwe, kisha fundi ahakikishe kwa testa: mshale wa kwenye miwani haujui waya upi una umeme. Asimame kama sentimita 50 kutoka kwenye mashine, ageuze kichwa polepole. Mshale ukihamahama juu ya bati linalong'aa, kamera imekosa alama za kushikilia mshale; bandika vipande vya utepe wa karatasi vilivyochorwa, ongeza taa. Mtaalamu aweke alama moja tu, fundi aitaje sehemu hiyo kwa sauti, ndipo ashike spana.