Namna ya Kutunga Tamthilia ya Nyimbo kwa Watoto wa Shule ya Msingi mjini Lubumbashi

Mwanafunzi wa ualimu anayefanya mazoezi ya kufundisha, au mwanafunzi wa chuo anayesaidia kwaya ya watoto parokiani, akiombwa kutunga mchezo wenye nyimbo, kwa kawaida huandika mazungumzo kwanza, kisha hutafuta mahali pa kuchomeka nyimbo. Utaratibu huo unaufaa ukumbi wenye vipaza sauti. Katika ua wa shule ya Katuba au Ruashi, penye wazazi waliosimama hadi langoni na pikipiki zinazopita nje ya ukuta, sauti ya mtoto mmoja wa miaka tisa haifiki benchi la tatu, ilhali watoto arobaini wakiimba pamoja husikika hadi barabarani. Kwa hiyo hadithi yenyewe ibebwe na nyimbo, na mazungumzo yawe viungo vifupi tu vya kuziunganisha. Mtazamaji asiyesikia neno hata moja la mazungumzo aweze bado kufuata kisa kwa kusikiliza viitikio.

Uamuzi huo unabadilisha hata namna ya kuchagua hadithi. Kisa cha mfalme mmoja, binti yake na mchumba kitawapa kazi watoto watatu, na wengine wote watabaki wamepangwa nyuma kama mapambo. Tangu elimu ya msingi katika shule za umma ilipofanywa ya bure mnamo Septemba 2019, madarasa yamejaa, na mtunzi hana budi kutafuta kisa ambacho wahusika wake wakuu ni makundi. Tafuta makundi mawili yanayohitaji kitu kimoja, na ambayo kila moja lina sababu ya kweli. Mfano ulio karibu na kila mtoto wa Lubumbashi ni msitu wa miombo unaouzunguka mji: vinkubala, yaani viwavi vinavyoliwa, hula majani ya mti uitwao mutondo, wachoma makala (mkaa) huukata mutondo huohuo, na mama wa jikoni anayahitaji makala kila siku na vinkubala katika msimu wake. Hapo hakuna mwovu wa kuzomewa, na hilo ni faida kubwa, kwa sababu mtoto anayepewa nafasi ya mwovu mara nyingi hutaniwa kwa jina hilo hadi mwisho wa mwaka.

Kabla ya kutunga sauti yoyote, yaani melodi, andika hadithi nzima katika sentensi tano, kisha uifanye kila sentensi kuwa wimbo mmoja. Katika mfano wetu, wimbo wa kwanza unaonyesha mvua za mwanzo na vinkubala vikianguliwa. Wa pili ni wa wachoma makala wanaoingia na mashoka na kueleza wanachotaka. Wa tatu ni ubishi wa makundi mawili. Wa nne ni wa mti wenyewe, wa polepole, unaoimbwa na watoto wachache. Na wa tano ni makubaliano, yaani ni miti ipi ikatwe na ipi iachwe ichipue. Nyimbo tano na viungo vyake hutoa onyesho la dakika 25 hivi, na kwa watoto wadogo huo ni muda wa kutosha. Jaribu kila wimbo kwa swali hili: ukiuondoa, je, kisa kinakatika? Kama hakikatiki, wimbo huo ni wa kupumzikia tu, na katika onyesho fupi hauna nafasi hata ukiwa mtamu namna gani.

Kazi ngumu zaidi, na pia yenye raha zaidi, ni kuoanisha maneno na sauti. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nao ni lazima ukutane na pigo zito la muziki. La sivyo neno hupotoka, na mtoto hulijifunza likiwa limepotoka. Tazama mistari hii miwili ya kiitikio cha vinkubala:

Mutondo wetu, mama wa majani,
ukianguka, tutakula nini?

Kila mstari una silabi kumi na moja, na katika yote miwili silabi ya nne na ya kumi zina mkazo, kwa hiyo mistari yote miwili inaweza kuimbwa kwa sauti moja endapo mapigo mazito yatawekwa hapo. Noti ya juu kabisa usiiweke kwenye silabi ya mwisho, kwa sababu irabu *i* huwabana watoto koo wanapopanda. Iweke kwenye *ma* ya kwanza ya *mama*, ambapo kinywa kiko wazi. Silabi moja ipate noti moja. Madoido ya kurefusha silabi juu ya noti nne au tano, tunayoyapenda sana katika kwaya za watu wazima, yawekwe kando, kwani hapa maneno ndiyo kisa.

Kuhusu upana wa sauti, watoto wa miaka saba hadi kumi huwa salama kuanzia re iliyo juu tu ya do ya kati hadi re inayofuata. Mtunzi mwanamume ajihadhari hasa na koo lake mwenyewe: akitunga kwa gitaa jioni chumbani, huchagua ufunguo unaomstarehesha yeye, na kesho yake watoto hunguruma wakijaribu kumwiga. Jaribu kila wimbo kwa mtoto mmoja kabla ya kuuidhinisha, na ikibidi upandishe ufunguo kwa kapo, yaani kibanio cha shingo ya gitaa. Usilazimishe sauti ya pili. Kama unataka utajiri wa sauti, wape wachoma makala neno fupi linalorudiwa kwa mdundo, kwa mfano *kata, kata, panga gunia*, huku vinkubala vikiendelea na kiitikio chao juu yake. Ubishi wa makundi mawili utasikika katika muziki wenyewe bila mtu kuueleza.

Sauti ziwe zako. Ni rahisi mno kuchukua wimbo wa kanisani au rumba inayovuma na kuubadilisha maneno, na wazazi watapiga makofi, lakini kazi hiyo haitakuwa tungo mpya, na sheria ya Kongo ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mwenye wimbo. Kwa upande wa ala, gitaa moja, ngoma moja na chupa inayogongwa kwa kijiko zinatosha kabisa. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliporekodi gitaa la mwanamuziki Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, vidole vya mtu mmoja vilishika besi na sauti ya juu kwa pamoja, na mpigaji wa namna hiyo bado anaweza kupatikana katika mitaa yetu. Kinanda cha umeme kinapendeza mpaka umeme ukatike katikati ya wimbo wa tatu, jambo ambalo hakuna haja ya kulieleza kwa mkaazi wa mji huu.

Viungo vya mazungumzo usiviandike peke yako mezani. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana kwa michezo yake ya Kiswahili hapa mjini, lilitengeneza michezo kwa kukubaliana juu ya kisa, kisha waigizaji wakatafuta maneno yao wenyewe katika mazoezi bila kushika andiko. Watoto wanaweza vivyo hivyo. Waambie, "Mchoma makala amefika chini ya mti; kinkubala kiko juu; kila mmoja aseme," nawe uandike yanayowatoka. Utapata Kiswahili cha Lubumbashi jinsi kilivyo nyumbani, chenye mzaha wake, na mtoto hasahau maneno aliyoyatoa mwenyewe. Chagua mistari mifupi, ondoa matusi (yatakuwapo), na usiyasahihishe yawe ya kitabuni.

Ratiba ifuate mvua na mitihani. Kati ya Novemba na Machi mvua ikipiga mabati, hakuna mazoezi ya kuimba yanayowezekana darasani, kwa hiyo tumia miezi hiyo kutunga na kufundisha wimbo mmojammoja saa za asubuhi. Onyesho lipangwe katikati ya Mei, wakati ua umekauka na darasa la sita bado halijamezwa na maandalizi ya mtihani wa taifa. Au tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, endapo darasa la sita halimo. Mazoezi mawili kwa wiki, dakika 45 kila moja, yanatosha. Fundisha kwa mwangwi: imba mstari, wao warudie, kisha uunge wa pili, bila kugawa karatasi. Kila nafasi ya kuimba peke yake wafundishwe watoto wawili, kwa sababu malaria haisubiri onyesho, na familia huhama bila kutoa taarifa. Shule ikiwa na zamu ya asubuhi na ya mchana, chukua watoto wa zamu moja tu, vinginevyo hutawahi kuwaona wote pamoja.

Mavazi yasimgharimu mzazi hata faranga moja. Mutondo ni watoto watano warefu waliovikwa kitenge kimoja na kushika matawi. Gunia la makala linajazwa magazeti. Mweleze mkurugenzi wa shule na kamati ya wazazi mpango wote mapema, na uombe ruhusa ya wazazi kwa maandishi kabla mtu yeyote hajapiga video, kwani sura za watoto zikishafika kwenye simu za watu hazirudishwi.

Siku ya onyesho anza saa nne asubuhi, jua likiwa nyuma ya watazamaji ili wasikunje macho wala watoto wasijifiche vivulini. Watazamaji wafundishwe kiitikio cha wimbo wa tano kabla ya kuanza, kwa dakika tatu tu, ili makubaliano yaimbwe na ua mzima. Mtu mmoja, naye asiwe wewe, awe na kazi ya kutoa noti ya kuanzia kila wimbo, kwa sababu wewe utakuwa umechuchumaa mbele ukiwaonyesha watoto mapigo kwa mkono. Baadaye andika maneno yote, majina ya noti na ufunguo wa kila wimbo katika daftari mbili, uweke jina lako na mwaka, moja ubaki nayo, na nyingine umwachie mkurugenzi pamoja na barua inayosema kama shule inaruhusiwa kuirudia kazi hiyo bila wewe.