Kutunza Bastola ya Baruti Nyeusi Wakati wa Mvua

Mtu anayebeba bastola ya fataki, yaani ile ambayo kila tundu hujazwa baruti na risasi kwa mkono na kuwashwa kwa fataki, kikofia kidogo cha mlipuko kilicho nyuma, iwe nakala ya Colt ya mwaka 1851 au ya Remington ya mwaka 1858, katika misitu yenye mvua ya Oregon nchini Marekani, kwa kawaida huhofia zaidi maji kuingia kwenye mdomo wa silinda, ile sehemu inayozunguka yenye matundu. Kwa kweli sehemu hiyo haina taabu kubwa. Risasi ya duara ya inchi 0.454 inaposhindiliwa katika tundu la bastola ya kaliba .44, ukingo wake hunyolewa na kuacha pete nyembamba. Pete hiyo ikitoka nzima, tundu limezibwa barabara, na kilichobaki ni kupaka juu yake nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu.

Maji hupenya kwa nyuma, kwenye fataki. Chagua fataki inayoishika chuchu (kibomba kidogo nyuma ya kila tundu kinachopitisha moto) sawasawa bila kufinywa kwa vidole, kisha zungushia nta laini ukingoni. Usithubutu kuyeyusha nta kwa moto karibu na bastola iliyokwisha kujazwa.

Kabla ya kujaza, futa mafuta yote katika matundu, kisha piga fataki tupu katika kila chuchu, huku mdomo wa mtutu ukiwa karibu na jani la nyasi: jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Remington ina mikato kati ya matundu ambamo nyundo hutulia kwa usalama. Kwa Colt, ambayo vijiti vyake vya kuegemezea nyundo huchakaa, mimi ningejaza matundu matano tu na kuiacha nyundo juu ya lililo tupu.

Ala ya ngozi yenye kifuniko, ikivaliwa chini ya koti, hukinga vizuri mchana, lakini usiku iondolee bastola, kwa maana ngozi iliyolowa hukaa na unyevu kwa muda mrefu. Ukirejea kambini, maliza risasi zilizobaki kwa kuzipiga kwenye kingo ya udongo iliyo salama, badala ya kuitegemea baruti iliyoshinda mvuani.

Kusafisha hakungoji kesho. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hugeuka kuwa chembe za moshi na masizi yenye chumvi, na masizi hayo huvuta unyevu hewani na kukila chuma. Hakikisha bastola ni tupu, ifungue, vua vitako vya mbao na chuchu zote, kisha osha chuma kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatoke meupe. Ikaushe kwa joto la wastani, paka shahamu au mafuta ya mimea (mafuta ya petroli yakikutana na masizi hugeuka kama lami), na utie grisi kwenye hesi za chuchu kabla ya kuzirudisha. Kesho yake asubuhi pitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia kuosha.