Kuvisoma Visiwa Vidogo vya Ugiriki: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Mombasa

Msafiri wa Mombasa anayepata fursa ya kwenda Ugiriki huvutika kupanga visiwa sita au saba kwa wiki moja. Ninamsihi achague viwili tu, vya kundi moja, na ajue kabla ya kufunga mizigo ni nani waliovitawala na wenyeji walijipatiaje riziki, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua nyumba zijengwe wapi na kwa umbo gani. Viza ya Schengen iombwe mapema: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake.

Makundi mawili yanamfaa mgeni. Visiwa vingi vya Cyclades vilitwaliwa na Marco Sanudo wa Venice kuanzia mwaka 1207 hivi, na vikakaa chini ya mabwana wa Kikatoliki kwa karne kadhaa. Dodecanese vilikuwa na njia nyingine: mashujaa wa Mtakatifu Yohana, shirika la kijeshi la Kikatoliki, walioshika kisiwa cha Rhodes mwaka 1309, Dola ya Uthmaniya kuanzia 1522, Italia kuanzia 1912, na hatimaye Ugiriki baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Feri za makundi yote mawili huondoka Piraeus, bandari ya Athens.

Ukifika, usiridhike na mikahawa ya bandarini. Panda hadi mji wa juu, ambao Wagiriki huuita Chora, ujiulize kwa nini mabaharia walijitaabisha kuishi mbali na vyombo vyao. Jibu ni maharamia. Huko Folegandros, kisiwa cha Cyclades, sehemu ya kale iitwayo Kastro iko ukingoni mwa jabali, na hakuna ukuta wa ngome uliojengwa peke yake: migongo ya nyumba zilizobanana ndiyo ukuta. Upande wa nje utaona madirisha madogo yaliyo juu. Pita langoni, na milango yote inatazama ndani, kila mmoja na ngazi yake ya mawe iliyopakwa chokaa. Tazama pia paa bapa za visiwa hivi vikavu, kwa kuwa nyingi zilijengwa ili maji ya mvua yateremke hadi kwenye birika chini ya nyumba.

Symi, kisiwa cha Dodecanese, inahitaji siku tatu, na kwa maoni yangu inastahili zaidi. Nyumba zake za rangi ya manjano hafifu zilijengwa kwa utajiri wa merikebu na wa sifongo zilizovunwa chini ya bahari. Wapiga mbizi wa zamani walizama wakiwa wamekumbatia jiwe bapa, wakitegemea pumzi yao wenyewe. Vazi la kuzamia lenye kofia ya chuma na mpira wa kuletea hewa lilipoingia katika miaka ya 1860, waliweza kukaa chini kwa muda mrefu, lakini walipopanda juu haraka, gesi iliyoyeyuka katika damu iligeuka mapovu, na wengi wakafa au kupooza. Uzuri wa bandari ile usitazamwe bila kuwakumbuka watu hao. Hapo hapo ndipo Wajerumani walipotia saini ya kuvisalimisha visiwa vya Dodecanese, tarehe 8 Mei 1945.

Ukichagua Cyclades, tenga asubuhi moja kwa Delos, inayofikiwa kwa mashua kutoka Mykonos, ambako mgeni haruhusiwi kulala. Wengi huenda kuona mahekalu ya Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale. Hata hivyo, Roma ilipoifanya bandari isiyotoza ushuru mwaka 166 KK, kisiwa hicho kilikuwa soko kubwa la watumwa, na mtu wa pwani yetu ana sababu ya kusimama pale kwa muda mrefu kuliko wengine.

Funika mabega na magoti unapoingia kanisani, na usipige kelele saa za mchana, kwani wenyeji hulala. Mwislamu aulize nyama kabla ya kuagiza, kwa maana mishikaki mingi huwa ya nguruwe. Samaki na mboga hazikosekani. Rhodes na Kos zina Waislamu wenyeji hadi leo, kwa kuwa zilikuwa chini ya Italia wakati Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana raia kwa misingi ya dini mwaka 1923.

Likizo ya shule ya Agosti, inayowapa nafasi wazazi wengi wa Mombasa, ndiyo wakati mgumu zaidi. Upepo wa meltemi huvuma kutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, chini ya anga isiyo na wingu, na ukizidi nguvu feri huzuiwa kuondoka. Aliyezoea kusi ya kwetu, inayokuja na mawingu na mvua, asidhani kwamba jua kali huko ni dalili ya bahari shwari. Mei, Juni na Septemba ni afadhali. Na mwezi wowote utakaokwenda, rudi Athens siku moja kamili kabla ya ndege ya kukurudisha nyumbani.