Kumfungulia mjukuu akaunti ya elimu: anzia kwenye saini

Somo la leo ni kwa sisi wenye wajukuu. Wengi huanza kwa kuuliza benki ipi ina riba kubwa. Naomba tuanzie kwingine: fedha zitakuwa mali ya nani, na nani atashika saini siku wewe hupo?

Hatua ya 1. Kaa na wazazi wa mtoto kabla hujakanyaga benki. Mara nyingi anayeruhusiwa kufungua akaunti kwa jina la mtoto ni mzazi au mlezi wa kisheria, si bibi wala babu. Hapo njia ni mbili. Ama mzazi afungue kwa jina la mtoto, wewe uwe unachangia tu. Ama ufungue kwa jina lako, mtoto aandikwe mnufaika. Kwa njia ya kwanza fedha ni za mtoto, na akifikisha utu uzima anaweza kuzichukua hata kama hataki shule. Kwa njia ya pili zinabaki mikononi mwako, ila ukifariki zinaweza kuingizwa kwenye mirathi na kugawiwa warithi wote. Mimi nilichukua ya pili, nikauliza mapema kama naweza kuandikisha mtu wa kuishika akaunti baada yangu. Nafasi hiyo kwenye fomu wengi huiacha wazi. Usiiache.

Hatua ya 2. Andaa hati: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, picha, uthibitisho wa makazi. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kwenye cheti jina la mjukuu wangu lina "y". Mimi niliandika "i" kama tunavyolitamka nyumbani. Faili lilirudishwa, wiki tatu zikapotea.

Hatua ya 3. Uliza makato ya mwezi, salio la chini, na unapoteza nini ukitoa kabla ya muda. Akiba ndogo huliwa na makato hadi ikaisha.

Hatua ya 4. Iagize benki ihamishe yenyewe kiasi kilekile kila mwezi, siku ileile pensheni inapoingia. Ukiweka 1,000 kila mwezi kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka inayojumlishwa kila mwezi, baada ya miaka 18 utakuwa na takribani 387,000, wakati ulizoweka ni 216,000. Ukianza mtoto akiwa na miaka 8, utafika takribani 164,000 tu. Ile miaka ya mwanzo ndiyo inayozaa, kwa sababu riba nayo inapata riba.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka 12. Nimechelewa?

Marahaba. Anza mwezi huu. Ila kwa miaka sita iliyobaki usikimbilie hisa kwa fedha zote. Zikishuka mwaka wa kulipa ada, hutakuwa na muda wa kusubiri zipande. Amana ya muda maalumu, yaani fedha unazozifungia benki kwa muda mliokubaliana ili zipate riba, inakufaa zaidi.

Nina wajukuu watano. Akaunti moja au tano?

Tano zina makato mara tano. Ukichagua moja, weka daftari lenye ukurasa wa kila mtoto, na wazazi wote walione. Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu tu hakuna aliyejua fungu la nani ni lipi.

Mwanangu ameniomba akope humo, biashara imeyumba. Nimkatalie vipi mtoto wangu mwenyewe?

Pole sana, dada yangu. Kama akaunti ni ya mjukuu, mwambie mwanao ukweli: fedha hizi si zangu wala si zako. Kama ni yako, unaweza kuomba iwe ya saini mbili, ili uzito wa kukataa usikulemee peke yako. Na kama una kitu kingine cha kumsaidia, msaidie kwa hicho.

Mjukuu asipoendelea na masomo?

Inategemea aina ya akaunti. Marekani, kwa mfano, mwenye akaunti ya 529, yaani akaunti ya kuweka akiba ya elimu yenye nafuu ya kodi, anaweza kubadilisha mnufaika akamweka ndugu mwingine wa mtoto bila kutozwa kodi. Uliza kwenu kabla ya kusaini, na jibu lake wakuonyeshe kwenye masharti yaliyoandikwa.