Somo: Kuchagua printa ya leza ya nyumbani itakayokubaliana na Linux

Wakuu, kila anayeuliza "printa gani inakubali Linux" hutajiwa jina la kampuni. Jina halisaidii sana, maana kampuni hiyohiyo hutoa modeli inayokubali papo hapo na nyingine itakayokutesa wiki nzima. Kinachoamua ni lugha ambayo printa inaielewa.

Hatua ya 1: Soma sifa zake. Kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta lugha za uchapaji. PostScript au PCL 6 ni salama. AirPrint ni bora zaidi, hata kama huna iPhone. Apple waliileta 2010 ili simu ichape bila draiva (programu maalumu ya kuiendesha printa), na inatumia itifaki ya IPP, ambayo CUPS, mfumo wa uchapaji wa Linux, inaijua vizuri. Nembo ya IPP Everywhere au Mopria, viwango vingine vya kuchapa bila draiva, nayo ni dalili njema. Ukikuta GDI au CAPT peke yake, kaa chonjo: printa hiyo inaiachia kompyuta kazi yote ya kuandaa ukurasa, na bila draiva yake maalumu haichapi kitu.

Hatua ya 2: Pitia tovuti ya OpenPrinting, mradi unaoshughulikia uchapaji kwenye Linux. Hifadhidata yao inafaa hasa kwa printa za zamani. Daraja la chini kabisa wanaliita "paperweight", yaani kifaa cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Angalau hawafichi.

Hatua ya 3: Jaribu kabla ya kulipa. Nenda dukani na laptop yako, au flashi yenye Ubuntu ya kuwasha bila kusakinisha. Chapa PDF yenye picha, pande mbili. Printa isipojitokeza kwenye mipangilio, fungua localhost:631 kwenye kivinjari, ndio ukurasa wa CUPS, uiongeze hapo. Muuzaji akikataa kujaribiwa, mimi huondoka.

Hatua ya 4: Ulizia tona, yaani unga wa wino. Bei yake na upatikanaji wake mtaani kwako. Kwa Brother, dramu (silinda inayohamishia tona kwenye karatasi) hununuliwa kando na tona. Printa zilizouzwa chini ya mpango wa HP+ zinadai intaneti na katriji halisi za HP, mimi sizigusi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nina HP LaserJet 1020 ya mtumba. Linux inaiona ila haichapi.*
Hiyo haihifadhi programu yake ya ndani. Lazima ipewe na kompyuta kila inapowashwa. Sakinisha HPLIP, programu ya HP ya Linux, kisha endesha amri za hp-plugin na hp-setup kwenye terminal. Ila ujue kipande kinachoshushwa si huria.

*Kuna jamaa ananiuzia Canon LBP2900 bei chee.*
Ni CAPT hiyo. Draiva ya Linux ipo, lakini ni ya zamani na inasumbua kwenye matoleo mapya. Mwachie mwenye Windows.

*Je, Brother HL-L2300D isiyo na Wi-Fi?*
Chukua. Sakinisha printer-driver-brlaser, ipo kwenye hazina za Debian na Ubuntu, na ni huria.

*Modeli mpya kwa kebo ya USB inahitaji draiva?*
Kama ina AirPrint, mara nyingi hapana. Kifurushi cha ipp-usb, kilichokuja na Debian 11 mwaka 2021, kinaifanya ionekane kama iko kwenye mtandao.

*Huku umeme unakatika sana. Niichomeke printa kwenye UPS (betri ya akiba)?*
Hapana. Fyuza (sehemu inayoyeyushia tona kwenye karatasi) ikianza kupata moto huvuta wati mamia kwa mkupuo, na UPS ndogo ya nyumbani italemewa. Chomeka kompyuta humo, printa iende ukutani kupitia kidhibiti umeme chenye uwezo wa kutosha.