Kabla hujafyatua shotgani: bega, shavu na teke la bunduki

Wengi wanaorudi kutoka uwanja wa shabaha bega limevilia damu huilaumu bunduki. Mara nyingi kitako, yaani sehemu ya nyuma ya bunduki inayokaa begani, kilikuwa kimeachana na bega kwa upana wa kidole tu, na kinafasi hicho kinatosha kugeuza msukumo kuwa ngumi. Maandalizi yanaanza nyumbani.

Tazama risasi kwanza. Anayejifunza kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipanda, mtutu huwa mwembamba) hahitaji risasi nzito za kuwindia. Zenye gramu 24 za marisau, vile vipira vidogo vya ndani ya risasi, zinatosha. Hata kwenye Olimpiki hutumika hizo. Kumbuka pia kwamba kwa risasi ileile, bunduki nyepesi hupiga teke kali kuliko nzito, kwa hiyo usimpe mgeni mwenye mwili mdogo bunduki nyepesi ukidhani unamhurumia. Na mfuko wako usichanganye geji. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama mbele ndani ya mtutu. Ukadhani chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ni tupu, ukapakia ya 12 nyuma yake, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana za geji 20 kwa kawaida huwa za njano.

Vizibo vya masikio na miwani ya kinga ni lazima, si kwa anayefyatua peke yake.

Sasa mwili. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto utangulie, magoti yalegee kidogo, uzito uelemee mguu wa mbele. Anayejipinda nyuma ili kuisawazisha bunduki tayari ameshaanza kuanguka, na teke litammalizia. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha simama mbele ya kioo na uifanyie mazoezi ya kuipandisha: ilete shavuni kwanza, halafu bega lisogee mbele kukipokea kitako. Usikiinamishie kichwa. Kitako kikae kwenye kibonde kilicho kati ya mtulinga na kiungo cha bega. Kikishuka kwenye msuli wa mkono, alama ya bluu utaiona kesho yake. Shavu liwe limegandana na mbao, maana shavu linaloelea ndilo linalopigwa. Pima pia nafasi kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa kufyatulia: vidole viwili au vitatu vipite. Pungufu ya hapo kitako ni kifupi mno kwako, na gumba litakugonga pua. Kitako kirefu nacho hunasa kwapani wakati wa kupandisha. Fundi anaweza kukipunguza au kukiongeza.

Lililo gumu zaidi ni woga, kwa sababu hauonekani. Mtu hufumba macho na kusukuma bega nukta moja kabla ya mlio, halafu anashangaa kisahani kimepita kizima. Mwombe mwalimu akupakilie, mara risasi ya kweli, mara ganda la mazoezi lisilo na baruti, wewe usijue lipi limeingia. Likija ganda na mtutu ukaruka au kuinama ingawa hakuna kilicholipuka, umeuona woga wenyewe. Hapo punguza uzito wa risasi, rudi kwenye visahani vya polepole, na bega likianza kuuma funga kazi siku hiyo, kwa kuwa maumivu ndiyo yanayoufundisha mwili kushtuka.