Somo: Kusimamia ukarabati wa mtandao wa majisafi na majitaka kwa mkataba wa kusanifu na kujenga

Wakuu, somo hili ni la walio upande wa mwenye mradi: mhandisi wa mamlaka ya maji, ofisa ununuzi, au yeyote aliyekabidhiwa faili nene na kuambiwa "hii ni sanifu-na-jenga, isimamie". Mkandarasi ana walimu wake.

Kwa utaratibu wa zamani unaajiri mshauri achore, kisha unatangaza zabuni, kisha mwingine anajenga. Mikataba miwili, na wewe katikati ukipokea barua za kulaumiana. Kwenye sanifu-na-jenga kampuni moja au ubia mmoja unabeba kazi zote mbili, na lawama zinabaki ndani ya nyumba yao. Muda nao unaokolewa, maana eneo moja linaweza kuanza kuchimbwa huku michoro ya eneo jingine ikiendelea.

Wengi huishia hapo wakidhani wamenunua usingizi. Kazi yako haijapungua, imehamia mwanzoni. Yale uliyokuwa ukiyaamua mchoro kwa mchoro, sasa unayaamua kabla ya kutangaza zabuni. Baada ya sahihi, kila neno jipya lina bei.

Hatua ya 1: Jiulize kama mradi unastahili

Bomba la kilomita mbili kwenye njia iliyonyooka na udongo unaojulikana, chora, tangaza, jenga. Hapo hakuna cha kubuni. Njia hii inalipa pale mjenzi anapokuwa na la kuongeza: kituo cha pampu, mtambo wa kusafisha majitaka, bomba kuu linalopita chini ya barabara yenye magari mengi, au mabomba chakavu ambayo unaweza kuyachimba na kuyabadilisha, kuyapasua huku jipya likivutwa nyuma yake, au kuyavisha bitana kwa ndani.

Hatua ya 2: Jua kilichopo chini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo miradi hufia.

Ramani za mtandao zimechorwa na watu waliokwisha kustaafu. Mradi mmoja niliousimamia, ramani ilionyesha bomba la chuma la milimita 300 likinyooka kando ya barabara. Tukachimba shimo la majaribio kwa sururu na koleo. Mita moja na nusu kwenda chini, hakuna kitu. Tukapanua shimo kuelekea katikati ya barabara, tukalikuta mita mbili na ushee kutoka pale ramani ilipolitaja. Juu yake, chini ya tabaka la matofali, ililala kebo ya umeme ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Mzee mmoja aliyekuwa akifungua na kufunga valvu za eneo lile akachungulia shimoni, akasema: "Hapa palikuwa na mti. Walizunguka mti." Mti ulishakatwa siku nyingi, imebaki kona ya bomba. Tangu siku ile muda wa kukaa na mafundi wa valvu nauweka kwenye bajeti ya uchunguzi, mstari wake peke yake.

Kwa hiyo: pitisha kamera kwenye mabomba ya majitaka. Chimba mashimo ya majaribio kwenye kila makutano muhimu. Toboa ardhi ujue udongo, mwamba na kina cha maji ya ardhini. Halafu pima mtiririko, kiangazi na masika. Usiku wa manane watu wamelala. Kama siku za mvua bomba la majitaka bado linakimbia saa hiyo, kuna maji yanayoingia kupitia viungio vilivyoachia na mifuniko ya chemba. Ukiongeza kipenyo bila kuziba hayo, umejenga barabara pana ya kupeleka maji ya mvua kwenye mtambo. Upande wa majisafi kipimo ni kilekile, tafsiri tofauti: mtiririko mkubwa wa usiku ni dalili ya uvujaji.

Matokeo yote yaingie kwenye ripoti ya msingi ya hali ya ardhi. Ripoti hiyo inamwambia mzabuni: chukulia mwamba unaanza kina hiki, maji kina hiki. Hali ikiwa mbaya kuliko ilivyoandikwa, gharama ni ya mwenye mradi. Ikiwa kama ilivyoandikwa, ni ya mkandarasi. Usipoitoa, kila mzabuni anaweka bei ya woga wake, na wewe ndiye utakayeilipa hata mwamba usipokuwepo.

Hatua ya 3: Andika unachotaka kitokee

Kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: mwenye mradi anatangaza sanifu-na-jenga, halafu kwenye mahitaji anaandika bomba liwe la milimita 250, la aina fulani, lipite mtaa fulani kwa mteremko fulani. Ndugu yangu, umeshasanifu. Likiziba, mkandarasi atakufungulia ukurasa na kukuonyesha sentensi yako.

Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 1918, kesi ya Spearin, ambayo kila msimamizi wa majitaka angeipenda kwa sababu inahusu bomba la majitaka lenyewe. Spearin, mkandarasi, alipewa kujenga gati kavu (shimo la kutengenezea meli) kwenye kambi ya jeshi la majini Brooklyn, na michoro ya serikali ikamtaka kwanza ahamishe bomba la majitaka la futi 6. Akalihamisha kama ilivyochorwa. Mwaka mmoja hivi baadaye mvua kubwa ikakutana na bahari kujaa, bomba likapasuka na shimo la gati likafurika. Kumbe ndani ya bomba jirani la futi 7 kulikuwa na ukuta ambao haukuwa kwenye mchoro wowote, na ulikuwa ukielekeza maji mengi kwenye lile la futi 6. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba aliyetoa michoro ndiye anayebeba kasoro zake. Wewe unalipia sanifu-na-jenga ili mzigo huo uhame. Ukichora, unaurudisha mabegani mwako.

Basi andika matokeo. Mtandao ubebe majitaka ya idadi fulani ya watu hadi mwaka wa mwisho ambao umesanifiwa kuutumikia. Presha kwenye bomba la mteja wa mbali kabisa isishuke chini ya kiwango ulichokitaja, hata saa ya matumizi makubwa. Kasi kwenye bomba la majitaka isipungue mita 0.6 kwa sekunde, ili bomba lijisafishe lenyewe. Kwa bomba la milimita 200 likiwa limejaa, kasi hiyo inataka mteremko wa takriban sentimita 40 kwa kila mita 100. Ni kidogo sana. Fundi asiyeshindilia vizuri tandiko la mchanga anaumaliza kwa siku moja: bomba linafanya tumbo, mafuta na mchanga vinakaa humo, na miezi michache baadaye chemba ya juu inafurika.

Yapo machache ya kutaja kwa jina: aina ya pampu ambazo mnazo vipuri vyake, mifumo ya udhibiti inayoongea na ile iliyopo, na umbali kati ya majisafi na majitaka. Kiwango kinachotumika sana ni mita 3 ubavuni, na panapokatizana, sentimita 45 wima, majisafi yakiwa juu.

Hatua ya 4: Zabuni

Chuja kwanza kwa uzoefu, ubaki na watatu hadi watano. Kuandaa pendekezo la aina hii ni kazi ghali, kwa hiyo walioshindwa kwa pendekezo zuri walipwe kifuta jasho; usipofanya hivyo wazuri hawaji. Na bei ya ujenzi isipimwe peke yake. Ingiza umeme wa pampu wa miaka 20 kwenye hesabu, uone jinsi mshindi anavyobadilika.

Hatua ya 5: Mkataba

Fomu ya mkataba inayojulikana zaidi kimataifa ni Kitabu cha Manjano cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri (1999, kisha 2017), ambamo mkandarasi anawajibika kazi ifae kwa kusudi lililotajwa. Kitabu chao kingine, cha Fedha, kinamtwika mkandarasi karibu kila hatari, na wakubwa hukipenda kwa sababu hiyo. FIDIC wenyewe wanaonya kisitumike pale kazi kubwa iko chini ya ardhi. Mabomba yako wapi?

Hatua ya 6: Kupitia michoro

Jifunze kuandika "sina pingamizi" badala ya "nimeidhinisha", usije ukaonekana umeubeba mchoro wake. Na usikalie michoro: Kitabu cha Manjano cha 1999 kinakupa siku zisizozidi 21, isipokuwa mkataba useme vingine. Walete mezani watakaoendesha mtambo. Wataalamu sita tuliwahi kupitia mchoro wa kituo cha pampu tukaridhika. Fundi mitambo akauliza swali moja tu: "Pampu hii ikiharibika inatokea wapi?" Mlango ulikuwa mwembamba kuliko pampu.

Hatua ya 7: Mji unaendelea kuoga

Majitaka hayasubiri. Kabla ya kukata bomba, mkandarasi aonyeshe pampu za kupitisha majitaka pembeni, pampu ya akiba ikiwa imeshaunganishwa, na jina la mtu wa zamu ya usiku. Akiba iliyoko stoo si akiba.

Kuhusu chemba: gesi ipimwe kabla ya yeyote kushuka, na iendelee kupimwa akiwa ndani. Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka yai viza, lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi. Harufu ikipotea ghafla, toka.

Hatua ya 8: Majaribio na makabidhiano

Majisafi: bomba lipimwe presha, lisafishwe, litiwe klorini. Njia moja ya kawaida ni miligramu 25 kwa lita, ikae saa 24, na mwishoni isiwe chini ya miligramu 10. Maji hayo yaondolewe klorini kabla ya kumwagwa mtoni.

Majitaka: kamera, kipimo cha uvujaji, na kwa mabomba ya plastiki kipimo cha kubonyea, siku 30 au zaidi baada ya kufukia. Kikomo cha kawaida ni asilimia 5 ya kipenyo. Usikubali kipimwe siku ya kufukia, udongo bado haujatulia. Kamera ya pili ipite kabla kipindi cha matazamio (muda ambao mkandarasi bado anarekebisha kasoro) hakijaisha, ikiwezekana msimu wa mvua, viungio vibovu vikiwa vinatiririka mbele ya macho yako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Msanifu akiwa ameajiriwa na mkandarasi, si ni kumpa fisi ulinzi wa bucha?

Jibu: Ni kweli, kama hukuweka mlinzi wako. Maabara na mpimaji walipwe na wewe. Kisha mkataba utaje vituo vya kusimama: bomba halifukiwi, zege halimwagwi mpaka mtu wako aone. Vituo vitano vyenye meno ni bora kuliko arobaini vya kuweka sahihi tu.

Swali: Mkandarasi wetu amekuta mwamba, anadai nyongeza. Mkataba unasema alipaswa kujiridhisha mwenyewe. Tumkatalie?

Jibu: Soma kwanza mlimpa taarifa gani na siku ngapi. Kama alipewa wiki tatu za zabuni na hakuruhusiwa kutoboa ardhi, mkiendelea hadi kwa wasuluhishi mko pabaya. Kama ripoti ilitaja mwamba kwenye kina kile, hana dai. Aliyetoa notisi ndani ya muda wa mkataba asikilizwe. Asiyetoa, mwulize kwa nini.

Swali: Mkuu, sisi ni mamlaka ndogo, pesa ya uchunguzi wote huo hatuna. Tuachane nayo?

Jibu: Kuna njia ya hatua mbili. Unamchagua mkandarasi kwa sifa na viwango vya faida yake, anafanya uchunguzi na usanifu hadi asilimia 60 hivi, vitabu vya hesabu vikiwa wazi, ndipo mnakubaliana bei ya kujenga. Mlango wa kutokea uandikwe mapema: mkishindwana, unamlipa usanifu, michoro inakuwa yako, unatangaza upya. Tafuta mkadiriaji wa gharama wa upande wako, la sivyo siku ya bei utakuwa unabahatisha.

Swali: Kiongozi anataka mtaa mmoja uongezwe, kazi imefika nusu.

Jibu: Omba bei na siku kwa maandishi kwanza, umpelekee yeye aliyeomba. Maombi mengi huishia hapo.

Swali: Michoro ya kilichojengwa tunaidai mwaka wa pili sasa. Tufanyeje?

Jibu: Mkishamaliza kulipa hamna nguvu tena, labda mshike pesa ya matazamio, ile mliyoizuia hadi kipindi hicho kiishe, kama bado ipo. Mradi ujao, kila malipo ya mwezi yaambatane na ramani ya mabomba ya mwezi huo: majira (namba za mahali kwenye ramani) ya kila valvu, kila kiungio na kila kona, kina, na picha ya bomba kabla ya kufukiwa, rula ikionekana pembeni. Na kama walizunguka mti, waandike mti.